Tunaosema Weusi wa Marekani ni wavivu, tukae chini tuhesabu upya

#1 – Mleta uzi

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu. Nimeuandika usiku tatu mfululizo nikitoka kazini, kwa hiyo asiye na nafasi sasa hivi auhifadhi, aurudie akitulia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara hapa Minnesota, Wabongo na Wakenya tumejaa ukumbini. Chakula kilipoisha maneno yakaanza. Kaka mmoja ninayemheshimu akasema, "Hawa Weusi wa hapa wamezaliwa na pasipoti ya Marekani, Kiingereza wamenyonya kwa mama zao, shule bure, na bado wako pale pale. Mimi nilishuka na begi moja, nikabeba boksi, leo nina nyumba yangu. Ni uvivu tu." Meza nzima ikaitikia. Mimi nikanyamaza, na ule ukimya umenikaa rohoni wiki nzima. Maneno yale niliyasema mwenyewe miaka yangu saba ya kwanza katika nchi hii. Nilimwambia hata mama yangu kwa simu, naye huko Moshi akawasimulia majirani.

Naeleza kilichonibadilisha, halafu mnipinge mkitaka.

Mwaka 2021 mimi na mume wangu tulinunua nyumba Minneapolis, nyumba ndogo ya zamani. Baada ya kuhamia nikasikia kwamba Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi unaoitwa Mapping Prejudice, ulioanza 2016, ambao watu wanasoma hati za zamani za viwanja moja baada ya nyingine, wakitafuta zenye masharti ya kibaguzi, na kuziweka kwenye ramani ya intaneti. Nikaandika anwani yetu. Kiwanja chetu kikatokea.

Hati ya kwanza ya aina hiyo waliyoipata mjini hapa ni ya mwaka 1910. Inasema kiwanja kisiuzwe, kisiwekwe rehani wala kisipangishwe kwa mtu yeyote mwenye damu au asili ya Kichina, Kijapani, Kimoor, Kituruki, Kinegro, Kimongolia au Kiafrika. Baada ya hiyo zikafuata maelfu. Katika jiji la Minneapolis peke yake wamehesabu kama 8,000. Yetu ina maneno machache zaidi, lakini maana ni ile ile. Niliisoma nimesimama jikoni mwa nyumba hiyo hiyo, chungu cha maharage kiko motoni, na mtoto wangu anacheza sakafuni. Karatasi ilikuwa inasema mtoto yule hatakiwi kulala humu.

Swali likanijia: kama mimi leo naruhusiwa, nani aliliondoa lile sharti? Si mimi. Mwaka 1948 familia moja ya Weusi kutoka St. Louis, J. D. na Ethel Shelley, ilifikisha kesi yake Mahakama Kuu ya Marekani. Mahakama ikasema masharti ya namna hiyo hayawezi kulazimishwa na korti yoyote. Minnesota ikapiga marufuku masharti mapya mwaka 1953. Sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilisainiwa 11 Aprili 1968, siku saba baada ya Martin Luther King kupigwa risasi Memphis. Nilikuta mlango uko wazi, nikadhani haukuwahi kufungwa.

Sasa nije kwa mzee.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa namhudumia mzee mmoja Mweusi aliyekulia Rondo, St. Paul. Rondo ulikuwa mtaa wa Weusi uliokamilika: makanisa yao, vinyozi wao, klabu zao, magazeti yao, nyumba za kwao wenyewe. Baba yake alifanya kazi ya upagazi kwenye treni, akanunua nyumba, akamaliza deni. Kisha serikali ikaamua kupitisha barabara kuu ya I-94. Mhandisi wa mji, George Herrold, alikuwa amependekeza njia nyingine upande wa kaskazini, kando ya reli, ambako isingevunja makazi mengi hivyo. Hawakumsikiliza. Kati ya 1956 na 1968 barabara ikapasua mtaa katikati. Familia zipatazo 600 zikapoteza nyumba zao.

Mzee aliniambia baba yake alilipwa fidia, ila haikutosha kununua nyumba nyingine ya namna ile. Na hata pale ambapo ingetosha, mitaa iliyokuwa na nyumba ilikuwa haimtaki. Akapanga. Akaendelea kupanga mpaka anafariki. "Baba yangu alikuwa na nyumba mwaka 1955," mzee alinieleza, "na mimi nikaanza upya mwaka 1965 kama mtu aliyeshuka meli jana."

Pale ndipo nilipoelewa kwamba mimi na yule kaka wa kipaimara tulikuwa tunahesabu kuanzia mwaka tulioshuka uwanja wa ndege. Mwenzetu hesabu yake imeanza zamani, na kila alipofika mbali alirudishwa sifuri.

Wakuu, hapa naomba mvumilie, kwa sababu bila kuelewa mambo ya mkopo huwezi kuielewa Marekani. Mwaka 1934 serikali iliunda shirika liitwalo FHA. Kazi yake ni kuidhamini benki: ukikopesha mtu nyumba akashindwa kulipa, serikali italipa. Kwa dhamana hiyo benki zikaanza kukopesha kwa kianzio kidogo na muda mrefu, mpaka mfanyakazi wa kiwandani akaweza kumiliki nyumba. Lakini kitabu cha maelekezo cha FHA chenyewe kilishauri masharti ya rangi kwenye hati, na mitaa ya Weusi ilihesabiwa kuwa hatari. Zilikuwepo ramani za serikali zilizopakwa rangi nne: kijani mtaa bora, kisha buluu, kisha njano, na nyekundu mtaa usiofaa kukopeshwa. Weusi walikuwa kwenye nyekundu, hata kama mtu ni daktari.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, askari wakapewa haki ya mkopo wa nyumba, biashara au shamba kwa dhamana ya serikali. Jimbo la Mississippi, ambako karibu nusu ya watu walikuwa Weusi, mwaka 1947 katika miji 13 iliyochunguzwa ilitolewa mikopo 3,229 ya aina hiyo. Iliyokwenda kwa askari Weusi ni 2. Askari hao walitoka kwenye vita vile vile.

Ambaye hakupata mkopo wa kawaida alifanyaje? Chicago walinunua kwa mkataba. Unalipa kila mwezi kwa mwenye nyumba, bei imeongezwa maradufu, hati hupewi mpaka senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja unafukuzwa, na yote uliyolipa yamekwenda. Fikirieni kulipa miaka kumi halafu unatoka na masanduku yako mtaani.

Nyumba huku si pa kulala tu. Ndiyo akiba ya mtu wa kawaida: anaikopea ada ya chuo, anaiuza akizeeka, anawaachia watoto. Tena shule za umma zinategemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo husika, kwa hiyo mtaa wa nyumba za bei ya chini una shule yenye upungufu. Mwaka 1973 wazazi wa San Antonio, Texas, walilalamikia jambo hilo Mahakama Kuu wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Kwa uchunguzi wa benki kuu ya Marekani wa mwaka 2022, kaya ya Wazungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000 ukitoa madeni. Ya Weusi ilikuwa dola 44,900. Pengo hilo halitokani na mtu kuchelewa kuamka asubuhi.

Nageukia upande wetu. Sisi tulifikaje huku? Sheria ya uhamiaji ya 1924 iligawa nafasi kwa nchi. Ujerumani ilipewa zaidi ya 51,000 kwa mwaka. Tanganyika nzima ilipewa 100. Mfumo huo ulikuja kuvunjwa na sheria iliyosainiwa na Rais Johnson 3 Oktoba 1965, miezi miwili tu baada ya sheria ya haki ya kupiga kura. Nchi ilikuwa imetikiswa na maandamano ya Weusi mpaka ikaona aibu kuchagua wahamiaji kwa rangi. Walioumwa na mbwa wa polisi na kupigwa na mabomba ya maji Birmingham, Alabama, mwaka 1963 ndio waliotufungulia ubalozi.

Na kabla hata ya hapo walitutolea pesa. Ndege za Tom Mboya zilizopeleka wanafunzi wetu kusoma Marekani tunazisifia kama kazi ya Mboya na Kennedy tu. Mwaka 1959 barua ya kuomba michango ilisainiwa na Weusi watatu maarufu wa Marekani, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, na mwezi Septemba ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki. Robinson huyo, mtoto wa mkulima wa nusu kwa nusu kutoka Georgia, mchezaji maarufu kuliko wengi, alisumbuka kupata nyumba ya kununua Connecticut miaka hiyo hiyo ya 1950. Yaani mtu anakataliwa nyumba kwao, na bado anachangisha nauli ya kijana wa Kisumu asiyemjua.

Mkishasoma hayo yote, semeni.

#4

Dada, umeandika vizuri na nimejifunza, lakini sitakubali yote. Naishi Chicago mwaka wa 14 sasa, naendesha teksi. Nimeibiwa mara mbili, na waliofanya hivyo si 1934 wala FHA, ni vijana. Wanauana kila wikiendi. Nyumba nyingi hazina baba. Hilo nalo ni la ramani nyekundu? Mtu akifika umri fulani lazima abebe mzigo wake mwenyewe.

#5 – Mleta uzi

Pole sana mkuu, kuibiwa si jambo dogo, na sitakuambia kwamba aliyekuwekea bunduki hana kosa. Anayo.

Ila umeuliza habari za baba, nikujibu kwa moyo wote. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya dawa za kulevya. Gramu 5 za kokeini ya mawe, iliyokuwa mitaa ya Weusi, kifungo si chini ya miaka mitano. Kokeini ya unga, iliyopendwa na wenye pesa, ili upate kifungo hicho hicho ilibidi ukamatwe na gramu 500. Mara mia! Uwiano huo ulibaki mpaka 2010, tena ulishushwa tu ukawa 18 kwa 1, haukufutwa. Hesabu mwenyewe ni akina baba wangapi waliondoka nyumbani katika miaka 24.

Akitoka gerezani je? Mwanasosholojia Devah Pager alifanya jaribio Milwaukee, matokeo yakatoka 2003. Alituma vijana kuomba kazi, sifa zinafanana, tofauti ni rangi na rekodi ya jela. Mzungu aliyesema amefungwa aliitwa mara 17 kati ya 100. Mweusi ambaye hajawahi kufungwa aliitwa mara 14. Niliposoma hivyo nilirudia mstari mara mbili nikidhani nimekosea kusoma.

Kwa hiyo ndiyo, kila mtu abebe mzigo wake. Lakini tukipima nguvu za watu, tuangalie na uzito wa mizigo.

#9

Mimi ni Mkenya, niko Michigan. Dada amesema kweli, nami naongeza la watoto.

Sisi wazazi lafudhi hutusaidia. Nikifungua mdomo tu kazini, Mzungu ananiuliza natoka wapi, anaanza kunisimulia safari yake ya Maasai Mara, na nahisi amelegea. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1961 mikahawa ya Maryland kando ya barabara ya Route 40 ilikuwa inawafukuza Weusi, hata balozi wa Chad alinyimwa huduma, mpaka Rais Kennedy akaaibika. Waandishi wa gazeti la Weusi la Baltimore, Afro-American, wakavaa majoho wakajifanya wajumbe kutoka nchi ya Afrika isiyokuwepo duniani, wakaiita Goban. Kuna mikahawa iliyowapa meza. Watu wale wale, ngozi ile ile, wangekuja na suti zao za kila siku wangetolewa nje.

Kijana wangu wa miaka 17 hana lafudhi. Amezaliwa hapa. Hakuna joho la kumkinga.

Wote tunamkumbuka Patrick Lyoya. Kijana wa Kikongo, mkimbizi, miaka 26. Tarehe 4 Aprili 2022, Grand Rapids, polisi alimsimamisha kwa sababu ya namba ya gari. Wakavutana, na mwisho akapigwa risasi ya kichwa akiwa amelala kifudifudi. Polisi alishtakiwa, mwaka 2025 wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia kesi. Hakuna aliyemuuliza Patrick kama babu yake alikuwa mtumwa Georgia au mvuvi wa Ziwa Tanganyika.

#11

Asante dada. Mimi ni Mkongo wa Uvira. Nilikaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka 19, tukaletwa Marekani 2016.

Nataka kusema neno moja ambalo ninyi Wabongo na Wakenya hamlisemi. Wengi wenu mlikuja na digrii, au kwa bahati nasibu ya viza ambayo lazima mtu awe amemaliza sekondari au ana ujuzi wa kazi. Mlichekechwa. Sisi tulikuja na watoto na magonjwa yetu, bila cheti. Tulipewa nyumba kwenye mtaa ambao shirika la kupokea wakimbizi liliweza kulipia, na mtaa huo ni wa Weusi maskini. Binti yangu yuko shule yao. Hakuna mwalimu wa hesabu tangu Oktoba, anakaa mtu wa kujazia tu. Maji ya bomba wameyafunga, wanakunywa ya chupa.

Majirani zetu Weusi ndio waliotuonyesha basi, ndio waliokuja na mablanketi baridi ya kwanza. Mama mmoja jirani alikaa na mke wangu hospitali siku nzima na hawaelewani lugha. Nikisikia mtu anasema wavivu, nauliza: wewe uliishi nao wapi? Sisi tunaishi nao. Yule mama anatoka saa kumi alfajiri kwenda kazi ya kwanza, na saa kumi na moja jioni anakwenda ya pili.

#12 – Mleta uzi

Kaka yangu wa Uvira, umenisahihisha na nakubali. Niliandika "sisi" kana kwamba wote tulipita mlango mmoja. Wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara, karibu wanne kati ya kumi wana digrii, kiwango kinachowazidi hata wazaliwa wa Marekani kwa jumla. Kwa hiyo yule kaka wa kipaimara anapojilinganisha na jirani yake, analinganisha mbegu iliyochaguliwa na shamba zima. Mwenye digrii ya uhandisi wa Dar anayebeba boksi miaka mitatu halafu akapanda, hakupanda kutoka chini. Alikuwa anarudi mahali pake.

Kuna mtu ameniandikia inbox akisema mbona Weusi wenye pesa wanafanikiwa, angalia Obama. Mkuu, utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa 2018 ulifuatilia mamilioni ya watoto wa Marekani mpaka ukubwani. Wavulana Weusi na Weupe waliokua mtaa mmoja, wazazi wenye kipato sawa, walipokuwa watu wazima Mweusi alikuwa na kipato kidogo, katika asilimia 99 ya maeneo ya nchi. Na wavulana Weusi waliozaliwa kwa matajiri walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kushuka kuliko wenzao Weupe. Kwa wasichana pengo la kipato chao wenyewe lilikuwa dogo mno. Mimi nina wavulana wawili. Baba yao ana mshahara mzuri. Usiku niliosoma utafiti ule niliingia chumbani kwao nikawaangalia wamelala.

#15

Mleta uzi, swali la vitendo. Hati yenye maneno hayo unaweza kuyaondoa? Na huko Rondo kuna kitu cha kuona, au ni barabara tu?

#16 – Mleta uzi

Hati: ndiyo. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili tamko kwamba sharti lile limefutwa. Maneno ya zamani hayakwanguliwi, yanabaki kwenye kumbukumbu ili watu wajue, ila tamko lako linakaa juu yake. Sisi tumeshafanya. Tulisaini wote wawili, jina langu la Kichaga likaandikwa kwa herufi sahihi.

Rondo: ukisimama juu ya daraja unaona magari tu, njia nyingi, kelele. Pembeni kuna uwanja mdogo wa kumbukumbu. Mwaka 2015 meya wa St. Paul na mkuu wa idara ya barabara ya jimbo waliomba radhi hadharani, na sasa kuna watu wanaopigania kujengwa daraja pana la ardhi juu ya barabara ili mtaa uunganishwe tena. Yule mzee alikuwa akinionyesha kwa kidole kutoka garini: hapa kinyozi, hapa kanisa, hapa kwetu. "Kwetu" ilikuwa katikati ya njia ya kwenda Minneapolis. Alifariki kabla janga la korona halijaisha.

Kila Julai wazaliwa wa Rondo na wajukuu wao hufanya sikukuu yao, Rondo Days, tangu 1983. Gwaride, ngoma, chakula. Mwaka huu nakwenda na wanangu, na yule kaka wa kipaimara nimempigia simu jana. Amesema atakuja kama kutakuwa na nafasi kwenye gari. Nafasi ipo, na kuna viti viwili zaidi. Anayetaka aniandikie.